Reli ya Mbao, Voi hadi Taveta

Gerezani,
12 Februari 2023

Dada yangu Nabwile,

Salamu zikufikie hapo Voi ukiwa na nguvu zako na hasira zako, maana najua vyote viwili hutembea pamoja. Mimi ni mzima. Chakula kipo, pa kulala papo, kelele ndiyo usiseme. Mafua yaliyonishika wakati wa Krismasi yamekwisha. Nisalimie waumini wenzako, hasa wale waliokuja mahakamani kuniombea, wakakaa mpaka hukumu ikasomwa yote ili wasikose kitu.

Habari kubwa ni kwamba nimetolewa shambani, nimepelekwa karakana ya useremala. Nilifikiri nitaranda madawati kama wengine. Lakini Afande Kathini, mama anayesimamia karakana, alikuja na picha aliyoikata kwenye gazeti: treni ndogo ya mbao ya watoto kuchezea, pamoja na reli zake za mbao. Kuna makao ya watoto yameomba kutengenezewa. Akauliza, "Nani hapa anajua mambo ya reli?"

Dada, karakana nzima iligeuka ikanitazama. Walicheka mpaka mmoja akaangusha randa. Afande hakujua kinachowachekesha. Alipoelezwa kilichonileta hapa, naye akacheka, akanikabidhi ile picha. "Basi za chuma uling'oa. Hizi za mbao utatutengenezea."

Nikaikunja picha nikaanza kupima mbao. Hakimu alisema nimeliumiza taifa, na mimi nani nibishane naye, ingawa treni ya mwisho kupita kwenye ile reli ya Taveta sikumbuki kama nilikuwa nimeanza kunyoa ndevu.

Lavender yuko vipi? Umemwambia nini? Siku niliyochukuliwa mwanangu alikuwa shuleni.

Ni mimi nduguyo,
Wamalwa


Voi,
20 Machi 2023

Ndugu yangu Wamalwa,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, kwa hiyo aliyeisoma kabla yangu naye nampa salamu. Natumaini aliifurahia. Sisi huku hatujambo. Mvua imekataa kabisa, hata ile ya kudanganya. Chapati zangu hapa karibu na stesheni zinanunuliwa, ingawa watu wa treni mpya siku hizi wanashuka na chakula chao kwenye mifuko kama wagonjwa. Nyumba yako nimeipatia wapangaji, mume na mke wasiopigana, na kodi yake ndiyo karo ya mtoto. Mamake Lavender alipiga simu kutoka Mtwapa kusema mumewe mpya anamsalimu mtoto. Mtoto alisema asante.

Lavender nimemwambia umeenda kazi ya reli. Usinitolee macho. Sijasema uongo, nimepunguza maneno tu. Shida ni kwamba naye amelipeleka jambo hilo darasani, wamempigia makofi, na sasa wana mradi wa vitu vya kuchezea vya zamani. Mwalimu amesema kwa kuwa babake ni mtaalamu wa reli, yeye atawaeleza wenzake habari za treni za watoto, zilitoka wapi na zilianzaje.

Kwa hiyo, mtaalamu, niandikie historia hiyo. Muulize huyo afande wako, au tafuta kitabu. Iandike kwenye karatasi yake peke yake, na juu uache nafasi kubwa ili nikate muhuri wa gereza kwa mkasi.

Kuhusu kuja kukuona, ningependa sana. Goti langu ndilo halipendi mabasi.

Dada yako,
Nabwile


Gerezani,
2 Mei 2023

Dada Nabwile,

Asante kwa barua na kwa sabuni uliyomtuma kijana wa kanisa. Pole kwa ukame. Pole kwa goti pia, ingawa kuna mwenzetu aliyeletwa juzi kutoka Mwatate, anasema alikuona kwenye harusi huko wakati wa Pasaka na goti lako lilicheza mpaka bendi ikachoka.

Karatasi ya Lavender nimeiandika hivi:

"Mwanangu Lavender, hapa kazini kuna kitabu kinachoeleza mambo uliyoulizwa. Treni za kweli zilipoanza kubeba abiria huko Uingereza, yapata miaka mia mbili iliyopita, watu walizikimbilia kuzitazama kama sarakasi. Haukupita muda, maseremala wa Ujerumani wakaanza kuchonga ndogo za watoto. Baadhi yao hawakuwa wameiona treni yenyewe. Waliiga picha, ndiyo maana zile za mwanzo zinafanana na mkokoteni uliowekwa bomba la moshi. Hazikuwa na reli. Mtoto alifunga kamba akaikokota sakafuni kokote alikotaka. Huko Amerika walichapa abiria na madirisha kwenye karatasi wakabandika juu ya mbao, kwa hiyo kila treni ilipogonga mlango abiria walichubuka uso.

"Baadaye viwanda vikaleta treni za bati. Ulizungusha ufunguo, spiringi ikakaza, ikakimbia yenyewe. Watoto wa wenye nazo wakaacha mbao. Lakini bati hukata vidole, spiringi hukatika, na mtoto mdogo hufurahi zaidi akiisukuma kwa mkono wake. Basi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wa kaskazini mwa Ulaya wakairudia mbao, na safari hii wakachonga na reli. Kila kipande kina mifereji miwili ya magurudumu, upande mmoja kichwa cha mviringo, upande wa pili tundu, vinashikana bila msumari. Mabehewa nayo yalishikana kwa kulabu, mpaka mtu akafikiria sumaku. Sumaku ina tabia yake. Ukiweka behewa vibaya linamsukuma mwenzake badala ya kumvuta. Mtoto haambiwi. Analigeuza mwenyewe. Ni mimi babako."

Sasa yako wewe. Historia imeishia hapo kwa sababu kurasa zilizofuata zilisokotewa sigara na wasomaji walionitangulia. Lakini nimeifikiria sana nikiwa kwenye randa. Watoto wa wenzetu walipewa treni kwanza, reli wakaipata baadaye sana. Sisi tulianza kwa reli, treni ikaja, treni ikaenda zake, reli ikabaki kwenye nyasi peke yake. Yaliyofuata unayajua.

Ya makao ya watoto nimemaliza. Afande Kathini alivutiwa akasema nitengeneze nyingine kubwa ya kupeleka kwenye maonyesho ya kaunti. Nimeamua itakuwa reli yetu yenyewe, Voi mpaka Taveta, na stesheni zake: Mwatate, Bura, Maktau. Sumaku natoa kwenye spika za redio mbovu. Na kwa kuwa msumeno mwembamba hauruhusiwi bila mtu kuuangalia, nina askari wangu binafsi anayesimama nyuma yangu kutwa, kama mheshimiwa.

Njooni mnione. Wewe na yeye.

Wamalwa


Voi,
10 Oktoba 2023

Ndugu yangu,

Najua nimekawia. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaishia kwenye salamu. Mvua imekuja sasa, na kama kawaida imekuja yote kwa pamoja. Biashara ipo. Nimenunua jiko jipya la gesi na bado nalipenda la mkaa.

Lavender alisoma historia yako mbele ya darasa. Mwalimu alisema haijawahi kutokea mzazi ajitolee hivyo, na kwamba wazazi wengine wajifunze kutoka kwako. Nimekuandikia neno kwa neno.

Sasa nikueleze la maonyesho, maana ndilo lililonikalisha kimya. Nilimpeleka mtoto aone mbuzi wa maziwa. Sikujua kibanda cha magereza kiko pale pale kando ya mbuzi. Kabla sijamgeuza, alikuwa ameshaona treni yako. Wamalwa, ni nzuri. Hata kama nimekukasirikia siwezi kusema ni mbaya. Watoto walikuwa wamejipanga wakiitazama. Lavender aliinama akasoma vibao vyote, Voi, Mwatate, Bura, Maktau, mpaka Taveta. Akamwuliza askari aliyekuwa pale, kijana mchangamfu kupita kiasi, "Nani ametengeneza?"

"Mfungwa mmoja hodari sana," askari akasema. "Wa hapa hapa Voi."

"Alifanya nini?"

Nilimkonyeza yule kijana. Nilimkanyaga hata mguu. Akafikiri namsalimu. "Ah, huyo!" akasema akicheka. "Huyo walimshika pale Mraru na lori la skrapu. Alikuwa anaiuza reli yenyewe!" Watu wote kibandani wakacheka. Ni kichekesho kizuri, kama si chako.

Lavender hakucheka wala hakulia. Aliuliza kama anaweza kugusa. Akaruhusiwa. Behewa moja lilikuwa limekaa vibaya likikataa mwenzake. Akaligeuza, likashika. Kisha akanishika mkono tukaenda kuona mbuzi.

Usiku huo nilitayarisha maneno mengi. Alinikata kabla sijaanza. "Shangazi, nilijua tangu mwanzo. Calvince wa jirani aliniambia siku ile ile ya hukumu, babake alikuwa ameenda mahakamani kusikiliza."

"Mbona ulinyamaza muda wote huu?"

"Wewe ulikuwa unaipenda sana hiyo hadithi ya kazi ya reli," akasema. "Nikaona nisikuharibie."

Kwa hiyo ujue kwamba mimi ndiye niliyekuwa nalindwa. Nilimwuliza kama ana neno nikuandikie. Alifunga kwanza vitabu vyake. Kisha akasema, "Mwambie akitoka asije shuleni kwetu."

Nimelifikisha kama nilivyopewa.

Nabwile


Gerezani,
3 Desemba 2023

Dada,

Natumai mko salama na mvua haijabeba choo cha jirani yetu mama Katuku kama mwaka ule. Mimi ni mzima.

Ile treni ya maonyesho imeuzwa. Ilipata tuzo ya kwanza, Afande Kathini amepewa cheti, ametuonyesha. Aliyeinunua ni hakimu. Ndiyo, yule yule. Alimwambia Afande kwamba ni muhimu wajukuu wake wajue historia ya reli yao. Hakuuliza fundi ni nani. Afande naye hakusema, alikuwa akitafuta karatasi ya kufungia.

Gundi ya hapa ni mbovu siku hizi, haishiki kwenye joto.

Kuna mtu wa Taveta anaitwa Mwandawiro, ana karakana ya mbao, huleta hapa kazi za kuranda. Ameniambia nikitoka nina meza kwake. Naona nitaenda huko moja kwa moja. Wapangaji wakae tu.

Wamalwa


Voi,
17 Machi 2024

Ndugu yangu Wamalwa,

Tumeshinda salama, Mungu asifiwe. Mama Katuku na choo chake wako imara. Nimesoma barua yako nikaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu umeandika huko. Umenieleza habari za hakimu, za cheti, za gundi. Hata choo cha jirani kimeuliziwa hali. Mwanao hukumtaja.

Yeye yuko gredi ya tano. Amerefuka, sketi zote nimezishusha pindo. Barua yako ikifika anaitazama bahasha kwanza kama ina karatasi ya pili. Safari hii haikuwa nayo. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mimi sijui mambo ya sumaku. Ninachojua ni kwamba umeandika kurasa nyingi tangu uingie huko, na kuna neno moja dogo unalizunguka kila mara kama mbwa anayezunguka nyoka. Unasema "kilichonileta hapa." Unasema "yaliyofuata unayajua." Mimi nayajua. Anayengoja kuambiwa si mimi.

Mwezi uliopita nilifika mpaka langoni kwenu. Nilikuwa na kuku wa kukaanga na kila kitu. Kwenye foleni nikaona wanawake wawili wa kanisani kwetu, sikuwa nikijua kama nao wana watu wao humo, na wao nadhani hawakutaka nijue. Goti likaanza kuniuma ghafla. Kuku nilimwachia askari. Kama hukupata, basi na yeye ana watoto.

Dada yako,
Nabwile


Taveta,
14 Septemba 2024

Dada yangu Nabwile,

Nakuandikia nikiwa mtu huru tangu Julai. Najua umeshasikia, na najua umekasirika kwamba umesikia kwa watu. Kuku nilipata bawa moja. Lilikuwa tamu.

Nina chumba nyuma ya karakana ya Mwandawiro. Ndizi huku ni rahisi mpaka unaona aibu kuzinunua. Mwandawiro ni mtu mzuri, anaongea Kidawida na mbao na Kiswahili na wateja. Tunatengeneza vitanda na meza, na vipande vinavyobaki naruhusiwa kuchonga treni. Akina mama wanaotoka ng'ambo ya mpaka, Holili, wanawabebea watoto wao. Mmoja ameagiza sita.

Juzi alikuja mtoto kutoka kule Chala na nyanyake. Akaishika treni akaigeuza huku na huku. "Hili basi mbona refu hivi?" akauliza. Nikamweleza kwamba ni treni, na kwamba treni ilikuwa ikifika hapa hapa Taveta, reli yake ilipita pale nyuma. Hakuamini. Nyanyake akanisaidia akasema ni kweli, yeye aliipanda akiwa msichana. Mtoto akatutazama kwa huruma, kama watu wawili waliokubaliana kumdanganya. Kwa hiyo dada, kati ya watu wote wa Taita Taveta, mimi ndiye ninayezunguka nikiwaapia watoto kwamba reli ilikuwepo.

Simu ninayo sasa, namba iko nyuma ya karatasi hii. Lakini kwa simu utanikatiza.

Nimempa dereva wa basi sanduku la Lavender. Ni njia nzima, nimeichonga upya, afadhali kuliko ya hakimu, na hii gundi ni nzuri. Barua sikuweka ndani. Nilijaribu.

Alisema nisije shuleni. Sijui kama nyumbani nako ni ndani ya shule. Nikaona nisipime.

Wamalwa


Voi,
5 Novemba 2024

Ndugu yangu,

Namba yako niliiona na nimeiacha pale pale nyuma ya karatasi. Ungesikia sauti yangu ungejua nalia, na sitaki ujue. Sisi hatujambo. Shule zimefungwa, watoto wamejaa barabarani. Wapangaji wako wamepata mapacha na bado hawapigani.

Sanduku lilifika. Lavender alilitazama akalisukuma chini ya kitanda. Likakaa huko mpaka nikawa nafagia kwa kulizunguka. Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka kazini nikashindwa kuingia kwangu mwenyewe, maana reli ilikuwa imetandazwa kuanzia mlangoni, ikapita chini ya kochi, mpaka jikoni. Voi ni pale kwenye viatu. Taveta ni kwenye mtungi wa gesi. Calvince alikuwa amelala kifudifudi akisukuma mabehewa. Nikavua ndala nikapita juu kama jitu.

Katikati, baada ya Voi kidogo, reli ilikuwa imekatika. Vipande viwili havipo. Treni ikifika hapo Lavender anainyanyua kwa mikono miwili, polepole, anaivusha pengo, anaiweka upande wa pili, halafu inaendelea.

Nikamwambia, "Babako amesahau vipande."

"Hajasahau. Nimevitoa mimi." Akapapasa mfuko wa gauni, nikasikia mbao zikigongana. "Hapa ni Mraru."

Calvince akainuka, akasema mama yake anamwita. Hakuna aliyemwita.

"Na utavirudisha lini?" nikauliza.

"Akinieleza."

"Akueleze nini? Si ulishaambiwa na Calvince, ukaambiwa na yule askari, umeambiwa na kaunti nzima."

"Hao si wao waliofanya," akasema. Kisha akanitazama kwa hayo macho yako. "Na asiniandikie barua. Barua zake ni nzuri sana. Nataka aniambie kwa mdomo, nikimwona."

Hivyo katika ukoo wetu wezi wa reli sasa mko wawili, na huyu wa pili amekuzidi, maana yeye anajua atakachodai kabla ya kuachilia mali. Nilikaa kwenye kochi na treni yako ikipita chini yangu, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka.

Tunakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Goti langu limekubali. Usitafute maneno mazuri, umeshayatumia yote kwenye barua. Tafuta lile dogo tu, ulitamke kabla hajamaliza kuteremka, usimpe uji kwanza, usimwonyeshe karakana kwanza.

Amesema tutakaa siku mbili halafu turudi, kwa sababu yeye ana shughuli zake. Jana alipokuwa akioga nilifungua begi lake niongeze sabuni. Chini kabisa, chini ya nguo, amekunja sare ya shule, na soksi, na viatu vyeusi amevipaka rangi. Na shule ni Januari.

Sikumwuliza, nikafunga begi. Na wewe usimwulize. Mwandawiro atafute mahali pa kitanda cha pili.

Dada yako,
Nabwile